Nati ya Pikipiki Ikazwe kwa Kipimo

Katika wilaya za Mbulu na Hanang pikipiki imechukua sehemu kubwa ya kazi ya punda. Inabeba gunia la mahindi kutoka shambani. Inapeleka vitunguu saumu sokoni na watu mnadani. Usiku wa manane inampeleka mama mjamzito hospitali ya Haydom. Tangu mwaka 2010 kanuni zimeruhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo, na vijana wengi wa vijiji vyetu wanapata riziki kwa kazi hiyo. Bwana shamba naye huja kwa pikipiki. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maofisa ugani nchini.

Lakini njia zetu ni ngumu. Masika kuna matope na makorongo. Kiangazi kuna vumbi, mawe, na barabara yenye mikunjo kama bati. Teremka Magara, au toka Dongobesh kwenda Haydom, au pita njia za mashambani upande wa Basotu. Pikipiki hutikisika tangu gurudumu hadi usukani, na mtikisiko huo hufika kwenye kila nati na kila bolti. Wengi wetu hukumbuka petroli, na mara nyingine oili. Nati huzikumbuka ikiwa imekwisha anguka njiani.

Somo hili linahusu jambo moja: namna ya kukaza nati na bolti za pikipiki. Mtu anaweza kusema, "Kukaza nati kuna somo gani? Si unavuta spana mpaka inagoma?" Hapo ndipo penye kosa. Nati iliyolegea ni hatari, na nati iliyokazwa kupita kiasi ni hatari vile vile.

Nati inashikaje?

Tazama mpira wa kufungia mizigo kwenye keria, ule uliokatwa kwenye tyubu. Ukiuzungusha bila kuuvuta, mzigo utaanguka kwenye shimo la kwanza. Ukiuvuta vizuri, mpira unanyooka, nao unataka kurudi ulivyokuwa. Kule kutaka kurudi ndiko kunakobana mzigo. Ukiuvuta kupita kiasi unakatika, au unabaki umelegea na haurudi tena.

Bolti ni hivyo hivyo. Ni chuma, lakini chuma nacho hunyooka kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Unapokaza nati, bolti inavutwa na kunyooka. Inataka kurudi, na kwa sababu hiyo inabana vile vyuma viwili pamoja. Bolti isiyovutwa haibani kitu. Bolti iliyovutwa kupita nguvu zake hupoteza unyumbufu wake, nayo haibani tena vizuri hata ukiendelea kukaza.

Kwa nini nati hulegea?

Wengi wanadhani nati hulegea kwa kuwa inatikisika juu na chini. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani aitwaye Gerhard Junker alionyesha kwamba mtikisiko mbaya zaidi ni ule wa kando. Vyuma viwili vilivyofungwa pamoja vinapoteleza kidogo, hiki kushoto na kile kulia, nati hujifungua yenyewe, pole pole. Dawa ya kwanza ni kubana vyuma hivyo barabara, visiweze kuteleza. Majaribio ya namna hiyo yameonyesha pia kwamba washa ya springi, ile iliyokatwa upande mmoja, haisaidii sana katika mtikisiko wa kando. Usiitupe kama pikipiki ilikuja nayo. Lakini usiitegemee ifanye kazi ambayo spana haikuifanya.

Hatari ya kukaza mno

Katika vijiji vyetu nadhani kosa hili linaharibu pikipiki nyingi kuliko lile la kulegea. Kijana mwenye nguvu akishika spana anataka kuonyesha nguvu zake. Wengine huingiza bomba kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, kisha huvuta kwa uzito wa mwili mzima.

Tazama kizibo cha oili chini ya injini. Kizibo ni cha chuma, lakini bamba la injini ambamo kinaingia ni la aluminiamu. Aluminiamu ni laini. Ile mikunjo iliyozunguka ndani ya tundu, ambayo mafundi huiita hesi, ni myembamba. Ukikaza mno, hesi ya aluminiamu hukatika. Utasikia spana imekuwa nyepesi ghafla. Wakati huo umekwisha haribu. Kizibo hakitashika, oili itavuja, na injini isiyo na oili hupata joto na kukwama. Mafundi husema imenoki. Kutengeneza hesi kunataka fundi wa mashine, na mara nyingi yuko mbali, Babati au Arusha. Siku zote hizo pikipiki imelala, na marejesho ya mkopo hayalali.

Kizibo hicho kina washa yake laini, ya shaba au ya aluminiamu. Washa ndiyo inayozuia oili isivuje. Ikichakaa, badilisha washa. Mtu anayeona oili inadondoka na kuzidi kukaza anaitibu miguu ya mgonjwa wa kichwa.

Nguvu ya kukaza hupimwaje?

Spana ni wenzo. Nguvu inayofika kwenye nati hutegemea mambo mawili: uzito unaovuta, na umbali kutoka katikati ya nati hadi mahali unapovuta. Kilo 10 zikivuta kwa umbali wa sentimita 10 ni sawa na kilo 5 kwa umbali wa sentimita 20. Zidisha mara na utaona: 10 mara 10 ni 100, na 5 mara 20 ni 100.

Vitabu vya pikipiki huandika nguvu hii kwa kipimo kiitwacho nyutoni-mita. Hufupishwa kwa herufi N na m. Nyutoni-mita 10 ni karibu sawa na kilo 1 ikivuta kwa umbali wa mita 1, yaani ile 100 tuliyoipata sasa hivi. Karakana kubwa zina spana maalumu yenye kipimo. Ni ya bei, na hapa kwetu ni wachache walio nayo. Lakini maji yana uzito unaojulikana: lita 1 ya maji ni kilo 1. Kwa hiyo dumu la maji linaweza kuwa mwalimu wetu.

Darasani tulifanya jaribio hili. Tulitoboa ubao mnene, tukapitisha bolti ya unene wa milimita 6, tukaweka washa na nati, na tukaufunga ubao wima kwenye nguzo. Nati ya bolti hiyo hufunguliwa kwa spana namba 10. (Namba iliyoandikwa kwenye spana ni upana wa kichwa cha nati, si unene wa bolti. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili.) Tuliikaza kwa vidole, tukaivalisha spana ikiwa imelala sawa kama upeo wa ziwa, na sentimita 10 kutoka katikati ya nati tukatundika dumu lenye lita 10 za maji. Spana ikateremka, maana nati ilikuwa bado inazunguka. Tukairudisha ilale sawa, tukatundika tena. Tulirudia mpaka dumu likaning'inia na spana isiteremke. Hicho ndicho kipimo cha bolti ya milimita 6: nyutoni-mita 10 hivi.

Kisha kila mmoja alishika ile spana kwa zamu, akaisukuma kidogo tu ili asikie mkononi ugumu wake ulivyo. Wote walishangaa. "Imekwisha kaza hii?" mama mmoja aliuliza. Ndiyo, imekwisha. Kijana mmoja anayetengeneza baiskeli kijijini aliombwa aikaze nati nyingine kama anavyofanya siku zote. Alivuta mara moja, na bolti ikakatika mbele ya macho ya wote.

Bolti nene zaidi hutaka nguvu zaidi. Bolti ya milimita 8, ambayo katika pikipiki nyingi za asili ya Japani hutumia spana namba 12, hutaka nyutoni-mita 22 hivi. Tundika lita 15 kwenye sentimita 15. Bolti ya milimita 10, spana namba 14, hutaka 35 hivi. Hapo tundika lita 20 kwenye sentimita 17 na nusu. Tazama jinsi nguvu inavyopanda upesi: kutoka milimita 6 kwenda milimita 8 ni hatua ndogo, lakini nguvu imezidi mara mbili. Ndiyo sababu mkono mmoja usiotofautisha bolti hulegeza zile nene na kukata zile nyembamba.

Hivi ni vipimo vya kawaida kwa bolti zisizo na agizo maalumu. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu. Kama kimeandikwa kwa Kiingereza, tafuta ukurasa wenye orodha ya namba na alama ya N na m. Namba husomeka katika lugha yoyote.

Dumu hufaa pale spana inapozunguka wima, kama kwenye nati za ekseli. Kwa kizibo cha oili, ambacho kiko chini na spana yake huzunguka kwa kulala, dumu haliwezi kuvuta. Hapo tumia mizani ya ndoano. Funga kamba kwenye spana, vuta ukiwa umenyooka pembe mraba na spana, na soma kilo. Lakini ukishazoesha mkono wako darasani hutahitaji dumu kila siku. Mpimie tena kila baada ya miezi michache, kwa kuwa mkono husahau.

Namna ya kukaza

Kwanza safisha. Hesi yenye mchanga hugoma mapema. Utadhani nati imekaza, kumbe ni mchanga unaosaga. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako huishia kwenye msuguano, wa kichwa cha nati na wa hesi. Ni kama sehemu moja tu katika kumi inayofika kwenye kuivuta bolti. Kwa hiyo kutu au mchanga ukizidisha msuguano, bolti haivutwi inavyopasa. Na kinyume chake, ukipaka oili hesi ambayo kitabu hakikusema ipakwe, msuguano unapungua na bolti inavutwa kupita kiasi ingawa mkono umevuta vile vile. Piga brashi, futa kwa kitambaa kikavu, basi.

Pili, anza kwa vidole. Nati inayogoma kwa vidole tangu mwanzo imeingia upande. Irudishe nyuma na uanze upya. Ukiilazimisha kwa spana utaharibu hesi zote mbili.

Tatu, tumia spana ringi, ile yenye kichwa cha duara, au soketi. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu na hula pembe za nati. Ile spana ya kurekebisha, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuandika katika kitabu cha darasa, iache kwa mabomba ya maji.

Nne, palipo na bolti nyingi zinazofunga kitu kimoja, usikaze moja hadi mwisho kisha ukaja kwa jirani yake. Kaza zote kwa vidole. Kisha zungukia zote kwa nusu ya nguvu, ukivuka kutoka moja hadi ile inayoielekea. Ndipo uzimalize kwa utaratibu huo huo. Hivi ndivyo zinavyokazwa nati nne za kichwa cha silinda, na bolti za sproketi ya nyuma. Ukianza na upande mmoja, kifuniko kinalala kombo na kuvuja. Tena kichwa cha silinda hukazwa injini ikiwa imepoa kabisa.

Plagi ni jambo la peke yake. Iingize kwa mkono mpaka igote. Ikiwa mpya na ina washa yake, ongeza nusu mzunguko. Ikiwa ilikwisha tumika, chini ya robo mzunguko yatosha.

Nati za kutazama kwanza

Pikipiki ina nati nyingi, nazo si sawa. Kioo kikianguka umepoteza kioo. Nati ya ekseli ya nyuma ikianguka, umehatarisha watu wawili au watatu.

Nati hii ya ekseli ya nyuma inastahili maneno zaidi. Hulegezwa mara kwa mara kwa sababu mnyororo hurefuka, hasa wakati wa matope, na ili kuuvuta lazima uilegeze. Mara nyingi mtu hufanya kazi hii kando ya njia, abiria amesimama anamngoja. Anavuta mnyororo, anakaza kwa haraka, anaondoka. Nati ikibaki imelegea, mkazo wa mnyororo huvuta ekseli upande mmoja. Gurudumu hukaa kombo na mnyororo unaweza kuruka kwenye meno. Kwenye mteremko wa mawe, mnyororo ulioruka unaweza kukwama na kuzuia gurudumu lisizunguke. Dereva, abiria na mzigo huenda chini pamoja.

Ukirekebisha mnyororo, hakikisha alama za pande zote mbili za ekseli ziko sawa. Acha mnyororo uchezee juu na chini kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu au kwenye kibandiko karibu na mnyororo. Kwa pikipiki nyingi ndogo za barabarani ni kama sentimita 2 hadi 3. Pikipiki za njia mbovu zenye shokomzoba ndefu hutaka zaidi. Kaza nati ya ekseli kwanza, kisha virekebishi. Nati hii ni nene na hutaka nguvu kubwa, zaidi ya ile ya dumu la lita 20 tulilotundika juu. Ikiwa nati ina pini ya kupasuka, ile iitwayo kotapini, weka mpya. Si msumari uliopindwa, wala waya wa uzio. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono utazame mara ya pili kama mnyororo umebaki na uchezaji wake, maana kukaza ekseli mara nyingine huukaza nao.

Zifuatazo ni nati ya ekseli ya mbele, bolti zinazobana usukani, bolti za breki, na zile zinazoshika injini kwenye fremu. Bolti za injini zikilegea, utasikia mtetemo mpya kwenye pedeli za kukanyagia. Usiupuuze mtetemo huo. Bolti za keria nazo hukatika kwa sababu tunazibebesha kuliko zilivyotengenezwa, lakini hilo ni suala la uzito wa magunia, na spana haiwezi kulimaliza.

Spoku zina njia yake. Chukua spana ndogo na uigonge kila spoku polepole huku ukizungusha gurudumu. Iliyokaza hulia kama kengele ndogo. Iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Ukikuta moja imelegea, ikaze kwa robo mzunguko tu na uisikilize tena. Ukikuta nyingi, mpelekee fundi wa rimu. Ukizikaza ovyo ovyo rimu itapinda.

Alama ya rangi

Huwezi kujaribu kila nati kwa spana kila asubuhi. Na si vizuri, kwa kuwa kila jaribio huongeza kukaza kidogo, mpaka siku moja bolti inakatika. Tumia rangi. Ukishakaza nati kwa kipimo, chora mstari mwembamba unaoanzia kwenye nati na kwenda hadi kwenye chuma kilicho jirani. Rangi ya kucha inafaa sana, na chupa moja hutosha pikipiki nyingi. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari utavunjika. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, inama na utazame mistari yako. Ni kazi ya dakika mbili. Siku ya matope, futa kwanza.

Nati ambayo mstari wake umevunjika mara moja, ikaze na uendelee na safari. Ikivunjika mara ya pili, ifungue uitazame. Huenda hesi imekwisha, au washa imepasuka, au kitu chenyewe kimepinda.

Ukibadilisha bolti, tazama namba iliyo juu ya kichwa chake. Yenye 8.8 ina nguvu mara mbili hivi ya ile yenye 4.6, ingawa kwa macho zinafanana na zote zinaingia katika tundu moja. Palipokuwa na 8.8 rudisha 8.8. Nenda dukani na bolti ya zamani mkononi, ulinganishe unene, urefu, hesi na namba. Bolti ndefu kupita kiasi nayo ni mbaya, maana hugota mwisho wa tundu kabla haijabana kitu.

Mazoezi

1. Bolti inataka nyutoni-mita 10. Una dumu la lita 5 tu, na spana yenye urefu wa sentimita 25. Utalitundika dumu umbali gani kutoka katikati ya nati?

2. Tazama pikipiki moja kijijini kwako, kwa ruhusa ya mwenyewe. Andika namba za spana zinazoingia kwenye kizibo cha oili, nati ya ekseli ya nyuma na bolti za usukani.

3. Soma namba zilizo juu ya bolti tano tofauti za pikipiki hiyo. Ni zipi zisizo na namba, na zimefungwa mahali gani?